Filamu Nzuri Zisizopigiwa Debe

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muhula uliopita mwalimu alitupa methali hiyo tuitungie insha. Mimi nikaandika kinyume chake, nikaambulia alama kumi na moja kwa ishirini. Sikukasirika. Hata hivyo, nimeomba nafasi katika gazeti hili la Chama chetu cha Kiswahili ili nijieleze vizuri zaidi, maana bado nashikilia neno langu. Katika mambo ya sinema, kizuri hakijiuzi. Hukaa kimya pembeni kama mgeni asiyejulikana, mpaka mtu amshike mkono na kumkaribisha.

Kwanza nieleze nilikotoka. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na kwetu si mbali na Keroka, mji ambao upande mmoja uko Kisii na upande wa pili uko Nyamira. Nilipokuwa shule ya msingi, kila Jumamosi baada ya kuchuma majani chai na kuyapeleka kituoni kupimwa, nilichepuka hadi kibanda cha video na shilingi zangu ishirini. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati. Madirisha yalizibwa kwa magunia, na ndani tulibanana kwenye mabenchi kama ndizi katika mkungu mmoja. Baba alipogundua, nilionja fimbo ya mkalitusi na sikuweza kukaa vizuri kwa siku mbili. Lakini siwezi kukitukana kibanda kile. Mkataa kwao ni mtumwa, na pale ndipo nilipojifunza kupenda sinema.

Aliyetuvuta pale zaidi ya wote ni DJ Afro. Huyu sote tunamjua. Yeye huchukua picha za Marekani, Uchina na India, halafu anazisimulia juu kwa juu kwa Kiswahili chetu cha mitaani. Hafasiri tu, bali anaongeza chumvi, anawapa wahusika majina, anamwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Hata mzee asiyejua neno la Kiingereza anacheka mpaka machozi. Uganda nako wapo wasimulizi kama hao, na Tanzania alivuma sana Lufufu. Kwa kweli ni sanaa, na yafaa siku moja tuijadili katika fasihi simulizi.

Lakini sasa nisikilize kwa makini. Ziko filamu zilizotengenezwa hapa hapa kwetu, na nyingi kati yake wahusika wanazungumza Kiswahili kama sisi tunavyozungumza tukitoka shuleni. Hizo hazihitaji mkalimani, na ajabu ni kwamba hizo ndizo hazionyeshwi! Mwaka jana nilimwendea mwenye kibanda nikamwomba aweke moja. Aliniuliza, "Ina ngumi?" Nikasema haina. "Ina bunduki?" Nikasema kidogo tu. Akaniambia, "Basi kijana, hiyo peleka kanisani."

Je, kwa nini filamu nzuri ikose kujulikana nyumbani kwao? Mimi naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni njia zinazopitia. Mwongozaji mmoja Mjerumani, Tom Tykwer, pamoja na Marie Steinmann, walianzisha mafunzo jijini Nairobi ambamo vijana wa Kiafrika walijifunza ufundi wa sinema kwa kutengeneza sinema yenyewe. Humo zimetoka Soul Boy (2010), Nairobi Half Life (2012), Something Necessary (2013), Kati Kati (2016) na Supa Modo (2018). Filamu za namna hii huanza safari yake katika tamasha za ng'ambo. Supa Modo, kwa mfano, ilionyeshwa kwanza Berlin mwezi wa Februari 2018. Kwa hivyo huenda Berlin wanawajua wahusika wake kuliko tunavyowajua sisi wa Keroka.

Sababu ya pili ni majumba ya sinema. Yale makubwa yako mijini kama Nairobi na Mombasa. Mimi nina miaka kumi na sita na sijawahi kuingia katika jumba la sinema hata siku moja. Nimeona filamu hizi zote kwenye tarakilishi ya binamu yangu anayesoma chuo Nairobi, akija likizo.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Tumezoea kwamba stelingi hafi. Tumezoea mlio wa risasi katika dakika tano za kwanza, na usiposikika tunapiga mbinja tubadilishiwe. Tumesahau kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Nakubali kwamba Nairobi Half Life ilifaulu kutoboa, ikapendwa, tena ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar. Lakini mtu mmoja akiingia mlangoni haimaanishi kwamba walio nje si wageni wa maana. Kwa hiyo naomba niwakaribishe wanne kati ya hao walio nje.

Wa kwanza ni Pumzi, ya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka wa 2009. Ni fupi mno, dakika ishirini na kitu, na ingawa inatumia Kiingereza, maneno yenyewe ni machache. Inaonyesha dunia baada ya vita vya kugombea maji. Watu wanaishi wamefungiwa ndani, na hata jasho na mkojo husafishwa ili vinywewe tena. Msichana Asha, anayefanya kazi katika makavazi, analetewa udongo wenye unyevu, anaatika mbegu humo, na mbegu inaota. Mara ya kwanza niliiona kuwa ndoto za mchana, maana huku Gusii mvua tunayo ya kutosha. Kisha nikakumbuka chemchemi iliyoko bondeni kwetu. Wazee walipanda mikalitusi pale kwa ajili ya kuni na mbao, na sasa wakati wa kiangazi Mama huweka kikombe chini ya mfereji na kusubiri. Tangu hapo sijaicheka Pumzi tena.

Wa pili ni Soul Boy, iliyoongozwa na Hawa Essuman. Kijana Abila wa miaka kumi na minne, anayeishi Kibera, anamkuta baba yake hajiwezi, akidai kwamba roho yake imeibwa. Abila anamwendea Nyawawa, mwanamke wa ajabu, naye anampa majukumu saba ayatimize ili aikomboe roho hiyo. Jamani, hii si hekaya ile ile tunayofundishwa darasani? Shujaa anapewa mitihani, anakutana na wa kumsaidia na wa kumpinga, halafu anarudi akiwa amekomaa. Tofauti ni kwamba badala ya msitu kuna vichochoro vya Kibera. Mwenye shida na sifa za hekaya katika mtihani aitazame, haizidi saa moja sana.

Wa tatu ni Supa Modo ya Likarion Wainaina. Jo ni msichana wa miaka tisa anayependa sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Ni mgonjwa, na tangu mwanzo tunajua kwamba madaktari hawana la kufanya. Mama yake anamrudisha nyumbani kijijini. Dada yake anaona kwamba kumfungia kitandani si kumpenda, basi anawashawishi wanakijiji wajifanye kwamba Jo ana nguvu kweli. Mwishowe kijiji kizima kinaamua kutengeneza sinema, na yeye Jo ndiye stelingi. Hapa ndipo ile kanuni yetu ya kibandani kwamba stelingi hafi inapopata maana nyingine kabisa. Sitakwambia zaidi. Chukua kitambaa.

Wa nne nimemweka mwisho makusudi, kwa sababu huyu alinigusa nyumbani. Ni Something Necessary, iliyoongozwa na Judy Kibinge. Inaanzia katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Anne, muuguzi, amempoteza mumewe, mwanawe yuko hospitalini, nyumba na shamba vimeharibiwa. Anaamua kurudi pale pale na kujenga upya. Upande wa pili yuko Joseph, kijana aliyekuwa katika kundi la waliofanya ghasia, ambaye sasa hana amani, na miguu yake inamrudisha tena na tena katika shamba la Anne.

Darasani tulisoma kwamba Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa wakati ule. Niliiandika namba hiyo daftarini nikaikariri. Lakini namba haina uso. Nyanya yangu, magokoro kama tunavyomwita, alikuwa na boma upande wa Borabu, karibu na mpaka wa Sotik. Lilichomwa mwanzoni mwa mwaka wa 2008, kabla sijazaliwa. Hilo nililijua kwa kusikia tu, maana yeye mwenyewe hakuwa akilizungumza. Ukimuuliza alisema, "Yalipita," akaendelea kumenya ndizi.

Likizo ya Desemba binamu yangu alikuwa akituonyesha filamu hiyo, naye magokoro akaketi nyuma yetu na kikombe chake cha chai. Anne alipoingia katika nyumba yake iliyoharibiwa, magokoro alisema, "Simamisha." Tukasimamisha. Akatoka nje kumpa ng'ombe majani, ingawa ng'ombe alikuwa amekula. Tukatazamana na binamu yangu, tukidhani tumemkosea. Baada ya muda akarudi, akaketi, akasema, "Endelea."

Ilipokwisha hakulia wala hakutoa hotuba. Aliuliza tu kuhusu Joseph: "Huyo kijana, alikula wapi siku hizo zote?" Kisha akatueleza kwamba miongoni mwa vijana waliokuja bomani kwake alimtambua mmoja, mtoto wa ng'ambo ya mpaka ambaye alikuwa akija kununua maziwa. Na akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu wa kwetu: kwamba vijana wetu nao walivuka, wakachoma kwao. Miaka kadhaa baadaye alikutana na kijana yule sokoni Chebilat. "Sote wawili tuliangalia viazi," alisema. "Ningemsalimu, mochokoro. Lakini niliangalia viazi."

Ndugu msomaji, filamu za ngumi nimetazama nyingi hata sizikumbuki hesabu yake, na hakuna hata moja iliyomfanya magokoro afungue kinywa. Hii ambayo haikupigiwa debe ndiyo iliyofungua mlango uliokuwa umefungwa tangu kabla sijazaliwa. Ndiyo maana nasema alama zangu kumi na moja zilikuwa chache kidogo, kwa heshima zote kwa mwalimu wangu.

Sasa utaitambuaje filamu nzuri isiyo na jina? Nakupa njia nilizojifunza mwenyewe. Ipe dakika ishirini kabla ya kuihukumu, maana mgeni hakaribishwi na kufukuzwa papo hapo. Sikiliza lugha: je, watu wanazungumza kama watu unaowajua? Halafu siku ya pili jiulize kama bado unamfikiria mhusika hata mmoja. Ukijikuta unamwaza ukiwa unachuma chai, basi hiyo ilikuwa sinema. Fauka ya hayo, angalia alama ya umri inayotolewa na Bodi ya kuainisha filamu, na utazame na mtu mzima inapobidi. Something Necessary ina mambo ya kuumiza moyo na si ya watoto wadogo.

Kabla sijaweka kalamu chini, natoa ombi kwa mlezi wa Chama na kwa viongozi wetu. Kila muhula tutenge Ijumaa moja tutazame filamu moja ya kwetu, kisha tuijadili kwa Kiswahili kama tunavyojadili riwaya. Isitoshe, tamasha la drama la shule zetu siku hizi lina sehemu ya filamu pia. Kijiji cha Jo kilitengeneza sinema kikiwa na kamera moja na watu wengi wenye nia. Sisi watu tunao, na hadithi tunazo. Moja iko kwetu, imeketi jikoni na kikombe cha chai, na nimekwisha kumwomba ruhusa.

Alinijibu kwamba atafikiri. Lakini aliniuliza pia kama sinema hiyo itafika Chebilat.