MAJI MACHAFU YA KAMBI YA SAFARI YANAKWENDA WAPI?

Mfanyakazi mwenzetu, na wewe mama unayemngojea nyumbani, someni pamoja ukurasa huu.

Si kila kazi ya mgodi inafanyika karibu na kambi. Wako wenzetu wanaokwenda porini kutafuta madini, wanaotoboa ardhi kwa mashine, wanaotengeneza barabara na nguzo za umeme. Hao wanalala katika mahema au katika karavani, yaani ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na kamiyo. Ndani ya karavani mna kitanda, jiko, beseni la kunawia, na pengine choo. Ukirudi jioni umejaa vumbi, unashukuru kuwa nayo. Lakini nyumba ile haina bomba linalokwenda kwenye fosi kama nyumba yako ya Likasi au Kolwezi. Maji safi yanaingia kwa bidoni, nayo machafu lazima yatoke. Je, unayapeleka wapi?

Tuseme kweli: mara nyingi yanaishia kando ya barabara au mtoni. Mtu anafungua kizibo usiku, asubuhi kamiyo inaondoka, harufu anawaachia wengine. Anajiambia kwamba mto ni mkubwa, utayameza. Sasa fikiri juu ya Lualaba. Unapita karibu na Kolwezi, unashuka Bukama, unaingia katika nchi ya maziwa ya Upemba, unapita Malemba-Nkulu na kuendelea hata Kisangani. Njiani mwote huko wako akina mama wanaochota maji ya kunywa kwa ndoo. Watu wa Bukama na Malemba-Nkulu hawahitaji kuelezwa kolera ni nini. Imewarudia mara nyingi.

Kama unaona kambi moja ni kitu kidogo, sikia mambo ya Haiti. Nchi ile ilikuwa imekaa muda wa miaka mia na zaidi bila kolera. Mwezi wa Oktoba 2010, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal walikuwa na kambi karibu na mji wa Mirebalais, kando ya kijito. Kwao Nepal kolera ilikuwako. Mabomba ya kambi yalikuwa yamefungwa ovyo, na uchafu wa vyoo ulipelekwa kumwagwa katika shimo la wazi juu ya kilima, ambalo mvua iliweza kulifurisha. Kijito kile kinapeleka maji yake katika mto Artibonite, mto mkubwa wa nchi, ambao watu wanaoga, wanamwagilia mashamba, wanakunywa. Kwa siku chache tu lopitali za bondeni zilijaa. Miaka iliyofuata watu zaidi ya 800,000 waliugua, na karibu 10,000 walikufa. Mwezi wa Desemba 2016 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, aliwaomba msamaha watu wa Haiti. Waliokufa walikuwa wamekwisha kuzikwa zamani.

Wale askari hawakukusudia kuua mtu. Mtu anaweza kubeba vijidudu vya kolera tumboni bila kuumwa hata kidogo, akafanya kazi, akacheka na wenzake, na choo chake kikawa sumu. Kwa hiyo usiseme: «Katika timu yetu hakuna mgonjwa.» Hujui.

Maji ya vyombo, ya kuoga na ya kufua hayatishi kama ya choo, na ndiyo maana watu wanayamwaga popote. Lakini mkeo akija kukutembelea na mtoto mchanga, akafua nepi ndani ya beseni, maji yale ni maji ya choo, hata yakinuka sabuni. Mjini London, mwaka 1854, mama mmoja alifua nepi za mtoto wake mgonjwa na kumwaga maji katika shimo la nyumba. Shimo lile lilikuwa bovu, na lilikuwa jirani kabisa na kisima cha mtaa wa Broad Street. Zaidi ya watu 600 walikufa katika mtaa ule.

Ya vyombo na kuoga, basi, yachimbie shimo lake, ulijaze mawe na changarawe, maji yazame polepole. Liwe mbali na kisima au mto, mita 30 kwa uchache, na liwe upande wa chini, maji ya mvua yasiyarudishe kisimani. Weka chujio penye beseni, kwa maana mabaki ya bukari na samaki yanaita nzi na panya. Mafuta ya kukaangia usiyamwage humo: yanaziba udongo, na kwa muda mfupi shimo linageuka kuwa dimbwi la mbu. Futa sufuria kwa karatasi kwanza, kisha ichome.

Tangi la choo cha karavani ni dogo, mara nyingi lita 20 hivi. Watu wawili wanalijaza kwa siku mbili tatu. Kapita apange mapema siku ya kulipeleka kwenye fosi ya kampani, kama vile anavyopanga siku ya kuleta mazuti. Anayelimwaga avae glavu na buti, na anawe kwa sabuni kabla ya kugusa sigara. Ile dawa ya buluu inayotiwa ndani inaondoa harufu, lakini yenye formalini inaua pia vijidudu vyema vinavyokula uchafu ndani ya fosi. Mwulize mtu wa magazini kama iko isiyo na formalini, na usizidishe kipimo. Usitie javeli ndani ya tangi, maana ikikutana na mkojo inatoa gesi mbaya.

Na tukisema gesi: chombo kikianguka ndani ya fosi, kiache. Wewe mtu wa mgodi unajua kwamba hatari haionekani kwa macho sikuzote. Gesi ya fosi inanuka yai bovu ikiwa kidogo. Ikizidi, pua inakufa ganzi, husikii harufu tena, unaanguka. Anayeshuka kumwokoa mwenzake bila vyombo vya kupumulia anaanguka juu yake.

Kama fosi iko mbali mno, chimbeni choo cha shimo, chini yake pabaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhi. Hapa kwetu kuna jambo moja zaidi. Sehemu nyingi za Katanga chini ni jiwe la dolomia, lenye nyufa. Ndani ya nyufa maji yanakimbia bila kuchujwa na udongo, na zile mita 30 hazitoshi. Jiolojia wenu yuko pale pale kambini, amwonyeshe kapita mahali. Haiwezekani awe anajua shaba iko wapi, halafu asijue maji yanapita wapi.

Mtu akianza kuhara maji meupe kama ya mchele, mpeni maji ya chumvi na sukari bila kungoja: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Akiwa anakunywa, kamiyo iwashwe kumpeleka lopitali. Tangi alilotumia lisimwagwe mpaka munganga aseme namna.

Siku ya kuhama, fukieni mashimo yote kwa udongo mpaka yawe kichuguu, maana udongo utashuka mvua zikija. Simamisheni mti juu yake. Kisha kapita aende kwa mkubwa wa kijiji cha karibu amwonyeshe mahali penyewe kwa mguu, ili wanakijiji wakitaka kuchimba kisima wachimbe kwingine.