Liwali wa Pwani: kutoka ngomeni hadi safu ya mbele ya sherehe

Oktoba 1963, wiki chache kabla ya uhuru wa Kenya, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua kuhusu ukanda wa Pwani ambao mpaka siku hiyo ulihesabiwa kuwa mali ya Sultani. Kwa barua hizo Sultani alikubali kuuachia ukanda huo, na serikali ya Kenya ikaahidi kulinda mambo kadhaa: uhuru wa ibada, mamlaka ya makadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, hati za ardhi za wenye kumiliki, na kwamba maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana. Liwali, yaani gavana wa Sultani katika miji ya Pwani, hakuwamo. Cheo kilichokuwa uso wa utawala wa Mwambao kwa zaidi ya miaka 200 kiliachwa nje ya makubaliano, na hakuna aliyeingia barabarani kukitetea.

Wengi husema uliwali uliuawa na uhuru. Sikubaliani nao. Uhuru ulikuta maiti iliyopambwa vizuri.

Liwali wa karne ya 18 asingeuelewa mwisho wa namna hiyo. Waomani waliwang'oa Wareno katika Ngome ya Yesu mwaka 1698, na baada ya Wareno kurudi kwa muda mfupi mwaka 1728 na kutimuliwa tena, ukoo wa Mazrui ukaja kuushika uliwali wa Mombasa. Kwa jina walikuwa watumishi wa Imamu wa Oman. Kwa vitendo walikuwa watawala. Nasaba ya Yaaruba ilipoanguka huko Oman na Ahmad bin Said Albusaidi akatwaa uimamu katika miaka ya 1740, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kumtambua, akauawa kwa ajili ya kiburi hicho. Ndugu yake, Ali bin Uthman, akatoroka kifungoni, akakusanya watu, akairudisha ngome mikononi mwa ukoo. Tangu hapo Mombasa ya Mazrui ilijiendeshea mambo yake, ikaitawala na Pemba hadi miaka ya 1820, na ikapata hata mshairi wa kuisemea mbele ya maadui, Muyaka bin Haji.

Nguvu ya liwali huyo ilikuwa ya hapohapo Mombasa. Mji ulikuwa na Thenashara Taifa, makundi kumi na mawili ya Waswahili, yaani Thelatha Taifa upande mmoja na Tisa Taifa upande wa pili, kila upande na tamim wake, mkuu wa upande huo. Liwali asiyewasikiliza matamim hakuwa na mji wa kutawala, na asiyeelewana na Wamijikenda wa bara ya karibu hakuwa na chakula wala wapiganaji. Kwa hiyo baraza lake lilikuwa mahali pa kazi. Kesi zilikatwa pale, ushuru ukazungumzwa pale, vita vikaamuliwa pale. Alikuwa na ngome, alikuwa na fedha, na alikuwa na watu wa kuwajibu.

Seyyid Said, Sultani wa ukoo wa Albusaidi, alipoimaliza Mombasa mwaka 1837, baada ya kuwakamata wakuu wa Mazrui kwa hila na kuwapeleka uhamishoni Bandar Abbas, aliushika uliwali akaugawa vipande. Hapa ndipo ningeweka mwanzo wa kuporomoka, miaka 50 hivi kabla ya Mzungu kupewa karatasi yoyote ya kutawala Pwani. Seyyid Said alikuwa ameona liwali mwenye kila kitu anavyoweza kumgeuka bwana wake. Basi liwali mpya akabaki na mji na mashauri yake, lakini ngome ikawa na askari chini ya mkubwa wao mwenyewe, na ushuru wa forodha ukakodishwa kwa tajiri wa Kihindi aliyewajibika Unguja moja kwa moja. Kwa muda mrefu mkodi huyo alitoka katika nyumba ya Jairam Sewji. Liwali akawa mtu wa kuketi katikati ya wengine wenye nguvu, akitegemea radhi ya wote na barua kutoka kwa Sultani.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana waziwazi katika kisa cha Al-Akida. Muhammad bin Abdallah alikuwa akida, yaani mkuu wa askari, wa Ngome ya Yesu, ana askari na mizinga. Aligombana na liwali, na liwali hakuwa na cha kumfanya: mwenye ngome alikuwa mwingine, mwenye fedha alikuwa mwingine. Akida akajifungia ngomeni na kuupiga mji. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zikasogea na kuishambulia ngome mpaka akida akasalimu amri. Walioshuhudia siku hiyo hawakuhitaji kufafanuliwa. Ugomvi wa ndani kati ya maofisa wawili wa Sultani ulikuwa umeamuliwa na baruti ya watu wa tatu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliupima ukanda wa Sultani kuwa maili 10 kutoka baharini. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikapewa kuutawala kwa jina la Sultani. Mwaka 1895 kampuni ikashindwa, serikali ya Uingereza ikachukua, na kwa mkataba wa 14 Desemba mwaka huo Sultani Hamed bin Thuwaini akaahidiwa pauni 11,000 kwa mwaka kama kodi ya Pwani yake, pamoja na pauni 6,000 za riba ya mtaji wa pauni 200,000. Mtaji wenyewe una kichekesho chake: ni fedha Wajerumani walizomlipa Sultani kwa pwani ya Tanganyika, zikatumika kuifidia kampuni ili iachie pwani ya Kenya. Sultani aliuza kipande kimoja, fedha zake zikatumika kumtoa mpangaji wa kipande cha pili, kisha akaingiziwa mpangaji mwingine.

Takaungu ndiko ilikoonekana nani sasa anamteua liwali. Mapema mwaka 1895 alifariki liwali wa huko, Salim bin Khamis, wa ukoo wa Mazrui. Mbaruk bin Rashid aliamini kwa desturi ya ukoo zamu ni yake. Kampuni ikamtaka Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kwa kuwa waliona ataelewana nao. Mbaruk akashika silaha, vita vikamvuta na ami yake wa Gazi, Mbaruk mwenye jina kubwa aliyekwisha pigana na Zanzibar mara nyingi, na ikabidi askari waletwe kutoka Bara Hindi. Vilipokwisha mwaka 1896 Mbaruk wa Gazi akiwa amevuka mpaka kwa Wajerumani, swali lilikuwa limejibiwa kwa miaka yote iliyobaki. Liwali alikuwa mtu anayefaa kwa wakubwa. Ikiwa anafaa kwa ukoo au kwa mji pia, heri. Ikiwa hafai, kazi itaendelea.

Na kazi iliendelea, lakini si mikononi mwake. DC, yaani mkuu wa wilaya, wa Kizungu alikaa karibu naye, akakusanya kodi na kuamuru polisi. Mahakama ya liwali ilibaki, pamoja na ya kadhi na ya mudir, ofisa aliye chini ya liwali, ila mashauri mazito na rufani yalikwenda kwa majaji wa Kiingereza. Mwaka 1905 makao makuu ya utawala yakahamia Nairobi. Mwaka 1907 utumwa ukaondolewa kisheria, na matajiri wa mashamba, ambao ndio waliotoa maliwali, wakabaki na minazi bila wafanyakazi. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai ardhi ya Pwani alete madai yake yasajiliwe, na isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Waliojua kusoma fomu na kumpata wakili walifaulu. Wamijikenda wengi waliolima kwa mapokeo, pasi na karatasi, wakaamka maskwota.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo heshima za nje ziliongezeka. Liwali wa Mombasa akapandishwa kuwa Liwali wa Pwani nzima, cheo kikubwa kuliko alichokuwa nacho Mazrui yeyote. Ali bin Salim, mwana wa liwali Salim bin Khalfan, akaitwa Sir, akakaa katika Baraza la Kutunga Sheria akiwawakilisha Waarabu, na akajulikana kwa ukarimu wake. Alikuwa tajiri, na mengi aliyowafanyia watu yalitoka mfukoni mwake kwa sababu ofisi yake haikuwa na fungu la kuyafanyia. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, nayo ngome ikatumika kama jela ya serikali ya kikoloni hadi mwaka 1958. Liwali alikuwapo katika kila mapokezi, joho jeusi na jambia kiunoni, safu ya mbele. Gavana akipita humpa mkono.

Aliyemrithi baadaye, Mbarak Ali Hinawy, liwali wa Pwani kuanzia mwaka 1941 na yeye pia akipewa usir, anastahili kusemwa kwa upole. Alikuwa msomi. Alikusanya miswada ya tenzi na mashairi ya Kiswahili ambayo bila yeye huenda ingeliwa na mchwa, na mwaka 1950 alichapisha kitabu kuhusu Al-Akida na Ngome ya Yesu. Sisi wasomaji tumefaidika sana. Lakini liwali mwenye nafasi ya kuandika historia ya akida aliyempiga liwali mwenzake ni liwali ambaye majalada ya utawala hayaji mezani kwake.

Upande wa pili wa mpaka, Tanganyika, uliwali ulichakaa kwa njia nyingine. Wajerumani waliwapa maliwali na maakida meno: kukusanya kodi, kuhukumu, kusimamia kazi za lazima. Ndiyo maana katika vita vya Majimaji, mwaka 1905 hadi 1907, maakida walikuwa miongoni mwa waliolengwa mwanzo. Waingereza walipoingia Tanganyika, Gavana Cameron aliweka machifu badala ya maakida, na maliwali wakasalia mijini. Huko chuki ilikiangusha cheo. Mombasa hapakuwa na hata chuki.

Hilo lilionekana hoja ya Mwambao ilipopamba moto kuelekea uhuru. Wapo waliotaka ukanda ujitenge, wapo waliotaka urudi Zanzibar, na wengi, hasa Wamijikenda, walitaka Kenya moja. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, akashauri ukanda uunganishwe na Kenya, Waislamu wapewe dhamana. Katika mabishano yote hayo liwali hakuwa na mahali pazuri pa kusimama. Alikuwa mtu wa Sultani anayelipwa mshahara na serikali ya Kenya, na hakupigiwa kura na mtu yeyote wakati kila mtu alianza kuzungumza lugha ya kura.

Mlinganishe na kadhi. Naye alikuwa mtumishi wa serikali, naye mamlaka yake yalipunguzwa, hata yakabaki ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Hata hivyo kila wiki kuna mjane anayetaka fungu lake na mke anayetaka talaka yake, na hao wote walikwenda kwa kadhi. Mwaka 1963 kulikuwa na watu wa kuuliza kadhi wetu je? Kwa hiyo akaingia katika barua, kisha katika katiba ya uhuru, na leo yumo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, baada ya kampeni kali ya wasiomtaka. Liwali hakuwa na mjane hata mmoja mlangoni.

Waliomfuata liwali walikuwa wakuu wa mkoa wateule wa Nairobi, na tangu mwaka 2013 magavana wa kaunti waliochaguliwa, Hassan Joho akiwa wa kwanza Mombasa. Gavana ana kura, ana bajeti, ana bunge la kaunti la kumhoji. Bandari ya Kilindini, polisi na forodha si vyake. Na Mombasa Republican Council walipoeneza kauli ya Pwani si Kenya, wakatikisa mkataba wa 1895 na barua za 1963 mbele ya kila aliyewasikiliza, hawakuomba kurudishiwa liwali. Walidai ardhi, bandari na ajira.