Anza na katakana

Simama Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kutoka ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, uangalie milango ya magari. Canter iliyoshuka na viazi mviringo bado ina jina la kampuni ya Japani ubavuni. Hiace inayoita abiria wa Njombe ilikuwa ikibeba watoto wa chekechea huko ilikotoka, na jina la shule yao halijafutwa. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo magari yao yaliyotumika huingia nchini kwa wingi, na maandishi huja nayo. Kwa anayetaka kujifunza kusoma Kijapani, hayo ni mazoezi ya bure.

Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu, mara nyingi ndani ya sentensi moja. Kanji ni alama zenye asili ya China, kila moja na maana yake. Orodha rasmi ya zinazotumika kila siku, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina alama 2,136. Hizo ziache kwanza. Hiragana na katakana ni alama za sauti, 46 za msingi kwa kila mfumo, na zote mbili hutaja sauti zilezile. Hiragana huandika viambishi vya sarufi na maneno mengi ya Kijapani chenyewe. Katakana huandika hasa maneno yaliyotoka nje.

Vitabu vingi huanza na hiragana. Kwa mkazi wa Njombe au Makambako mimi nashauri kinyume chake. Ukishaweza kutamka neno la hiragana, bado hujui maana yake mpaka ufungue kamusi. Neno la katakana, ukilitamka polepole, mara nyingi linajitambulisha lenyewe: エンジン ni enjin, オイル ni oiru, タイヤ ni taiya, ブレーキ ni bureeki. Fundi yeyote wa gereji atayaelewa yote manne. Wajapani, kama sisi, hawapendi konsonanti zirundikane wala neno liishie na konsonanti, basi huchomeka irabu. Kile kistari kirefu ー huvuta irabu iliyotangulia.

Mswahili ana faida nyingine ambayo Mwingereza hana. Kijapani kina irabu tano, zilezile zetu, ila hupangwa a, i, u, e, o. Ushike mpangilio huo, maana kamusi huufuata. Karibu kila alama ni silabi ya konsonanti na irabu: カ ka, マ ma, コ ko. Kati ya r na l hawatofautishi, wana sauti moja iliyo katikati, kwa hiyo anayezichanganya kwenye Kiswahili, kwenye Kijapani hatasahihishwa na mtu. Na konsonanti pekee inayosimama bila irabu ni ン, yaani n. Mbele ya b hutamkwa m, jambo ambalo sisi tunalijua bila kufundishwa, kwani tunasema ndizi lakini mbuzi. Ndiyo maana Makambako huandikwa マカンバコ, kwa n, na bado husomwa sawasawa.

Njombe ni ンジョンベ, na hapo kuna kichekesho. Watoto wa Japani wana mchezo uitwao shiritori: kila mchezaji hutaja neno linaloanza na silabi iliyofunga neno la mwenzake, na anayetaja neno linaloishia na n ameshindwa, kwa kuwa hakuna neno la kawaida la Kijapani linaloanza na n hiyo. Wajanja hujiokoa kwa kutaja ンゴロンゴロ, Ngorongoro yetu. Njombe nayo ingefaa.

Sasa fungua kifuniko cha tangi la gari la petroli. Mara nyingi utakuta ガソリン, gasorin. Neno hili moja lina karibu ugumu wote wa katakana. ガ ni カ iliyoongezewa vistari viwili pembeni: vistari hivyo hugeuza k kuwa g, s kuwa z, t kuwa d, h kuwa b, kwa hiyo makumi ya silabi unayapata bila alama mpya. Kisha tazama ソ na ン. Katika ソ, so, kistari kifupi kimesimama na mstari mrefu unashuka kutoka juu. Katika ン kistari kimelala na mstari mrefu unapanda kutoka chini. Tofauti hiyohiyo iko kati ya ツ, tsu, na シ, shi. Jicho peke yake halizitofautishi. Mkono ndio unaozijua. Chukua daftari la hesabu lenye vijumba, ziandike kwa kufuata mwelekeo wa kalamu, jozi kwa jozi.

Jihadhari na milango ya kulia ya malori. Baadhi ya kampuni huandika jina kuanzia mbele ya gari kwenda nyuma, kwa hiyo upande wa kulia neno husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Likikugomea, ligeuze.

Hiragana itafuata, na itakuja haraka kwa sababu sauti unazo. Ilitokana na kanji zilizoandikwa mbiombio mpaka zikalainika, ilhali katakana ilitokana na watawa wa Kibudha waliokata kipande tu cha kanji: か na カ zote ni watoto wa 加.

Kanji tatu tu ningezifundisha mapema. Mbili za kwanza ni 軽油, dizeli. Ukizikuta kwenye kifuniko cha tangi, usiruhusu petroli. Ya tatu ni 年, mwaka. Kwenye fremu ya mlango wa dereva huwa kunabaki karatasi ya オイル交換, kubadilisha oili, yenye tarehe na kilomita. Ikiandikwa 平成25年, yaani mwaka wa 25 wa enzi ya Heisei, jumlisha 1988 upate 2013. Ikianza na 令和, enzi ya Reiwa, jumlisha 2018. Kisha linganisha kilomita za karatasi na za dashibodi. Kama za karatasi ya 2013 ni nyingi kuliko za leo, muulize muuzaji kabla hujatoa hela.