Ngeli za Wanyama Wenye Uti wa Mgongo

Neno ngeli, lililozoeleka kwa wanasarufi, ndilo pia linalotumiwa katika vitabu vya elimu ya viumbe kutaja jamii kubwa za wanyama. Ushirika huo wa jina si wa bure, kwa sababu taabu ya pande zote mbili ni moja: kati ya alama nyingi zionekanazo, ipi ndiyo ya kupangia? Mwenye kutazama umbo peke yake ataweka kiboko na kifaru pamoja na kiti na kisu; lakini msemaji husema kiboko huyu, viboko hawa, na upatanisho huo ndio uonyeshao mahali pake hasa.

Wanyama nao tangu kale wamepangwa kwa umbo na kwa makao. Katika mazungumzo ya kila siku samaki ni aishiye majini na kuogelea. Ndege ni mwenye mabawa. Mnyama ni wa miguu minne. Na mdudu ni neno pana mno, hata nyoka huingizwa humo, pengine kwa karaha tu. Mpango huo humfaa mvuvi na mwindaji, lakini hukwama mara moja aulizwapo nyangumi. Yeye, na pomboo, na nguva, wana umbo la samaki, nao huvuta hewa kwa mapafu, huzaa, na kunyonyesha. Kakakuona amevikwa magamba kama mtambaazi, naye hunyonyesha vilevile. Popo huruka kwa mabawa ya ngozi, na mtoto wake hunyonya.

Aristotle, Myunani, alikwisha tambua katika karne ya 4 kabla ya Kristo kuwa pomboo hunyonyesha. Hata hivyo Linnaeus wa Uswidi alimwacha nyangumi kati ya samaki katika kitabu chake cha mwaka 1735, asimhamishe ila katika chapa ya 10, mwaka 1758. Katika chapa hiyo alitumia jina Mammalia, litokanalo na neno la Kilatini la titi, ambalo Kiswahili kimelipokea kwa sura ya mamalia. Vyura na mamba aliwatia katika ngeli moja. Waliomfuata ndio waliowatenga. Hivyo yakapatikana makundi matano ya shuleni: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Linalowaunganisha wote ni uti wa pingili uhifadhio ugwe wa neva, uwe wa mfupa kama wa changu, au wa gegedu kama wa papa na taa.

Tangu Charles Darwin alipochapisha kitabu chake juu ya asili ya viumbe, mwaka 1859, swali limegeuka: si nani afananaye na nani, bali nani aliyetoka kwa nani. Hapo makundi matano hayasimami imara. Mfano ulio karibu zaidi ni kamongo wa Ziwa Viktoria. Ana mapezi na magamba, na hakuna mvuvi awezaye kushawishiwa kuwa si samaki. Lakini ana mapafu. Matamvua yake ni dhaifu, na akizuiwa kuja juu kuvuta hewa hufa. Maji yakikauka aweza kujizika topeni na kungoja mvua. Uchunguzi wa urithi wa chembe uliotolewa mwaka 2013 ulithibitisha kuwa kamongo na jamaa zake wako karibu zaidi na wanyama wa miguu minne kuliko samaki wengine wote walio hai. Yaani kwa nasaba kamongo ni ndugu wa chura, wa ng'ombe na wa binadamu kabla ya kuwa ndugu wa sato avuliwaye naye ziwani.

Kwa mamba ni vivyo hivyo. Hutambaa kama kenge, bali moyo wake una vyumba vinne kama moyo wa ndege, na kwa ukoo jamaa yake wa karibu ni kuku, si kenge. Ndiyo sababu wataalamu wengi leo huwahesabu ndege kuwa tawi la reptilia.

Taabu basi humwangukia mtunga kamusi. Akifasili samaki kuwa mnyama wa majini mwenye mapezi, nyangumi ataingia; akiongeza kuwa hupumua kwa matamvua tu, kamongo atatoka. Akitaka ukoo kamili, hana budi kumwingiza binadamu, jambo ambalo hakuna msemaji atakayelikubali. Lililo bora ni kuliacha neno samaki katika maana yake ya kale, kuwa jina la umbo na maisha, na kutumia ngeli kwa majina ya kitaalamu yaliyoundwa kwa ajili hiyo. Kwa nyangumi yatosha kuandika: mamalia mkubwa wa baharini mwenye umbo la samaki.