Pesa ya Kampasi: Niliyojifunza Kati ya Suneka na Mahafali

Niliondoka Suneka na begi moja, godoro lililokunjwa na shilingi 6,800 kwa simu. Zikaisha ndani ya siku kumi na mbili, na ungeniuliza zilienda wapi nisingekuwa na jibu. Sasa nimemaliza. Wadogo zangu wanaoripoti mwaka huu huniuliza ni wahadhiri gani wakali. Mimi huwaambia tuanze na simu yako kwanza.

Nilikuwa natoa pesa kidogo kidogo nikidhani ndiyo nidhamu. Mia mbili leo, mia mbili kesho. Kumbe kwa wakala wa M-Pesa, kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 ni ada ileile ya shilingi 29. Ukitoa 200 mara tano kwa wiki, umekatwa 145. Ukitoa 1,000 mara moja, ni 29 pekee. Tena vibanda vingi vya chakula karibu na kampasi vina nambari ya Till, na anayelipa kwa Till hakatwi kitu. Mama wa chapati akikuambia "tuma kwa hii namba yangu", muulize kama ana Till. Wengi wanayo, ni vile tu hujauliza.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni mkopo wa kwenye laini, ule unaokujazia pesa salio likipungua. Mwaka wa pili nilikuwa nauchukua kila wiki: bando, nauli, siku nyingine ni mechi tu. Ada inahesabiwa kila siku, na pesa yoyote ikiingia, deni linajikata lenyewe kabla hujagusa. Nililijua hilo. Nilichosahau ni kwamba simu haijui pesa ni ya nini. Mama akauza ndizi soko la Suneka, akanitumia 4,500 za kodi ya chumba. Ujumbe ukaingia, na mwingine nyuma yake: imebaki 1,380. Nilikaa kitandani nikiangalia simu. Kumwambia ukweli ilinichukua siku tatu, na alichosema ni, "Sasa mwenye nyumba utamwambia nini?" Kodi ililipwa na mjomba.

Kwa hivyo kama una deni la aina hiyo, usiruhusu kodi au karo ipitie kwa laini yako. Mwambie mzazi alipe moja kwa moja.

Na hapo kwa karo uwe macho. Wiki ya kuripoti hukosi mtu wa kukwambia yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umtumie akulipie haraka, foleni ni ndefu. Hapana. Tumia nambari ya malipo iliyo kwa barua yako ya kuitwa chuoni, weka nambari yako ya usajili kama akaunti, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na usifute ujumbe wa malipo. Ukituma kimakosa kwa M-Pesa, peleka ujumbe huohuo kwa 456 mara moja. Aliyepokea akishaitoa, kuirudisha ni kazi ngumu. Na ukipata simu ya mtu anayelia kwamba amekutumia kimakosa, angalia salio lako kwanza, siyo ujumbe. Ujumbe mtu yeyote anaweza kuandika.

Pesa ya HELB ya matumizi ikiingia, kodi ya muhula mzima itoke siku hiyo hiyo. Mimi niliichukulia kama zawadi kwa sababu ilikuja nyingi kwa mpigo. Ni mkopo. Inaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na ukinyamaza kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Mimi nimebakisha miezi saba. Kazi ya kudumu sijapata, lakini kila Ijumaa nafunga 500 kwa akaunti ambayo siwezi kuitoa nikiona viatu.