Kabichi, Vikabichi na Visiki: Kipi Kinakulipa Jikoni Igwachanya?

Watoto wengi wa Njombe wamekua wakila kabichi, na wengi wao hawaitaki. Siwalaumu. Kabichi waliyoizoea ni ile iliyokaa jikoni nusu saa na zaidi, ikalegea, ikapoteza rangi, nyumba ikanuka yai viza. Huko Ulaya nako watoto hukataa sahani kwa sababu hiyohiyo, ila wao hukataa vikabichi vidogo vinavyoitwa kwa jina la mji wa Brussels, Ubelgiji. Kila kimoja unaweza kukifumbata ndani ya ngumi, na huota vingi kwa pamoja kwenye shina moja refu, kila kimoja kwenye kwapa la jani lake.

Ukweli ni kwamba huo ni mmea mmoja. Kabichi, sukuma wiki, koliflawa, brokoli na vikabichi vya Brussels ni spishi moja, Brassica oleracea. Wakulima wa zamani walichagua mbegu kizazi baada ya kizazi, huyu akitafuta jani, yule ua, mwingine machipukizi. Kwa hiyo anayejua kupika kimoja amejua vyote, na swali linalobaki ni la mfuko: kipi ununue, ukipike kwa moto gani, na kwa mafuta kiasi gani?

Nianze na moto, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotelea bila mtu kuona. Jamii yote ya kabichi ina viini vyenye salfa. Ukipika kwa muda mfupi, viini hivyo huleta ule ukali kidogo unaofanya mboga iwe na ladha. Ukichemsha muda mrefu, salfa hiyo hugeuka gesi yenye harufu ya yai viza, na kadiri dakika zinavyoongezeka ndivyo harufu inavyozidi. Anayechemsha kabichi dakika 40 analipia nishati ili aharibu mboga yake mwenyewe.

Tupige hesabu. Jiko la umeme la sahani lenye wati 1,500 hula robo uniti kwa dakika 10, na uniti nzima kwa dakika 40. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292, kabla ya kodi. Yaani kabichi ya dakika 10 inamgharimu wa kwanza shilingi 25 na wa pili shilingi 73. Ya dakika 40 ni shilingi 100 kwa huyu na 292 kwa yule. Tofauti ya shilingi 219 inaonekana ndogo, lakini anayepika kabichi mara nne kwa wiki ameshachoma zaidi ya shilingi 45,000 mwaka ukiisha. Na ameila mbaya mwaka mzima.

Kwa gesi hesabu ni rahisi zaidi. Jiko dogo lenye nguvu ya kilowati 2 hula takriban gramu 150 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 hukupa kama saa 40 za moto. Chukua bei ya kujaza mtungi unakonunulia, igawe kwa 240: hiyo ndiyo gharama ya dakika 10. Kama kujaza ni 24,000, kabichi yako imekula shilingi 100. Gesi ina faida nyingine kwa pishi hili, nayo ni kwamba unaizima mboga inapoiva. Moto hauendelei kuwaka bure.

Mkaa una shida yake. Pishi ni la dakika 10, lakini jiko la mkaa huchukua karibu dakika 20 kushika vizuri, na likishashika huwezi kulizima kwa kitufe. Usiwashe mkaa kwa ajili ya kabichi peke yake. Subiri maharage yaive au ugali utoke, kisha weka kikaango juu ya makaa yaliyobaki, yakiwa bado mekundu na yenye nguvu. Hapo mboga yako imepikwa kwa moto uliokwisha kuulipia. Kwa kuni fanya vivyo hivyo.

Sasa pishi lenyewe. Kata kabichi vipande vinene kama vya tikiti, ukiacha kidogo cha kile kigogo cha katikati kwenye kila kipande ili majani yasiachane. Kama ni vikabichi, kata kila kimoja nusu. Osha kabla ya kukata, futa maji. Pasha kikaango kizito, weka vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, na yakishapata moto laza vipande, upande uliokatwa ukiwa chini. Halafu viache. Mkono utakuwasha kutaka kugeuza, vumilia. Utasikia mlio wa kukaanga ukitulia taratibu, kisha itakuja harufu tamu, kama ya mahindi ya kuchoma yanapoanza kupata rangi. Baada ya dakika tano inua ukingo wa kipande kimoja: ukikuta kahawia, geuza. Nyunyiza chumvi, mwagia maji robo kikombe, funika dakika tatu, epua. Jani la ndani linapaswa kubaki la kijani na lenye mkwaruzo kidogo mdomoni. Kamulia limau ikiwa imeshatoka motoni. Magadi achana nayo: hulainisha mboga haraka na kutunza rangi, lakini huiharibu vitamini C, na hapa hakuna cha kulainisha.

Kuhusu mafuta, lita moja ina vijiko vya chakula kama 66. Vijiko viwili basi ni sehemu moja ya 33 ya bei ya lita, na vinatosha watu wanne. Mwenye kuchemsha kwanza halafu kuunga na kitunguu na nyanya hutumia zaidi, kwa sababu kabichi iliyokwisha kulowa haina ladha ya kwake na inaomba ya kuazima. Nazi ni tamu, sibishi, lakini imepanda gari kutoka Pwani hadi Makambako kabla ya kukufikia, na nauli hiyo iko ndani ya bei yake. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, vijiko viwili juu ya sahani wakati wa kupakua, zinaipa mboga hii utamu unaolingana nayo kabisa.

Tuje kwenye kununua. Kabichi kwetu huuzwa kwa jicho: kubwa bei hii, ndogo bei ile. Jicho hudanganya. Shika mbili zinazolingana ukubwa, chukua nzito. Ibinye: isibonyee. Nyepesi yenye majani yaliyoachana imejaa hewa, na hewa haishibishi mtu. Ukiwa na safari yako ya Makambako au Njombe mjini, bei ya huko inaweza kukuvutia, lakini kupanda gari kwa ajili ya kabichi mbili ni kumpa konda faida yako. Kabichi ngumu ambayo haijakatwa huvumilia wiki kadhaa mahali penye ubaridi na hewa, kwa hiyo afadhali majirani watatu mnunue gunia mgawane.

Vikabichi vyenyewe, ukivikuta, mara nyingi ni kwenye maduka makubwa ya mijini, vikiwa vimegandishwa. Je, vina thamani? Gramu 100 za vikabichi vibichi zina vitamini C kama miligramu 85 na protini gramu 3.4. Kabichi ya kawaida ina miligramu 37 na gramu 1.3. Kwa hiyo kilo ya vikabichi ikiuzwa mara mbili ya kilo ya kabichi, hujapunjwa. Ikiwa ni mara tano, unalipia jina. Wanaotaka kupanda watafute mbegu za kisasa: katika miaka ya 1990 mtafiti wa Uholanzi, Hans van Doorn, alibaini viini viwili vinavyoleta uchungu, na tangu hapo kampuni za mbegu zimechagua aina zisizo chungu. Baridi ya Juni na Julai ingevifaa, maana ubaridi huongeza sukari ndani ya machipukizi. Lakini shina moja hutoa kama kilo moja hivi, wakati eneo hilohilo lingekupa kabichi ya kilo mbili au tatu, na mapema zaidi.

Iko njia ya tatu, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu mbegu yake umeshainunua. Unapovuna kabichi shambani, usiing'oe. Kata kichwa, acha majani ya chini, kisha chora msalaba usio na kina kirefu juu ya kisiki. Endelea kumwagilia. Baada ya wiki kadhaa, kwenye kwapa za majani yaliyobaki huchipua vichwa vidogo vitatu, vinne, hata sita. Ni machipukizi ya pembeni, kama yale ya Brussels, na kwenye kikaango yanapikwa vilevile. Gharama yake ni maji na subira. Ila kagua kwanza: mmea wenye kuoza kweusi au uliojaa viwavi wa nondo mgongo wa almasi ung'oe siku hiyohiyo, usije ukalea ugonjwa wa msimu ujao. Na ukishavuna machipukizi, ng'oa visiki vyote.

Uamuzi wangu kwa nyumba ya Igwachanya ni huu: nunua kabichi nzito, ikaange dakika 10 isizidi, na kama una bustani, acha visiki. Vikabichi vya dukani viache hapo dukani mpaka bei yake ishuke hadi mara mbili ya kabichi.