Hodi, Bonane na Halloween: Mtoto Mlangoni pa Jirani

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza yanayoipata lugha pale mzazi aliyezaliwa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, anapomwongoza mtoto wake mdogo nyumba kwa nyumba katika mtaa wa ugenini, usiku wa baridi wa tarehe 31 Oktoba. Jambo lenyewe si la kubuni. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi wa mwambao wa magharibi wa ziwa hilo walivuka hadi Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka huohuo, na kutoka huko familia nyingi za Wakongo zimehamishiwa Marekani na Kanada, ambako Halloween ni sikukuu ya watoto wote.

2. Bonane

Desturi ya Kalemie iliyo karibu na hiyo ni bonane. Neno hili limetokana na salamu ya Kifaransa ya mwaka mpya, bonne année. Maneno mawili yameungana kuwa moja, na maana imepanuka: bonane ni siku ya tarehe 1 Januari, ni salamu ya siku hiyo, tena ni zawadi anayoidai mtoto akisema "bonane yangu". Katika Kinyarwanda na Kirundi silabi ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, likapatikana neno ubunani. Kiswahili cha Kongo kimeliacha neno bila kiambishi.

Siku hiyo watoto huvaa nguo mpya, wakazunguka kwa jamaa na majirani, wakasalimu, wakapewa biskuti, peremende au pesa kidogo. Waswahili wa pwani wana mkono wa Idi. Wale waishio Oman wanajua karankasho, ambapo watoto hupita milangoni usiku wa katikati ya Ramadhani wakiimba na kupewa vitu vitamu. Kwa hiyo mtoto kuzunguka milangoni si jambo geni kwa msemaji wa Kiswahili.

3. Ugeni uko wapi?

Ugeni uko katika mambo matatu. Kwanza, bonane hufanyika mchana na kwa watu wanaofahamika; Halloween hufanyika usiku, na mara nyingi kwa watu wasiojulikana. Pili, mtoto wa bonane huonyesha uso wake, ilhali yule wa Halloween huuficha kwa sura ya mzimu au mchawi. Mzazi aliyekua akiambiwa kwamba wachawi hutembea usiku haoni mzaha hapo, na wengine huwazuia watoto wao ndani. Tatu, maneno yanayosemwa mlangoni ni tishio la utani: nipe kitamu, au nitakufanyia utundu. Bonane ni kumtakia mwenye nyumba heri kabla ya kupokea.

Hata hivyo, jina la Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, na Mkatoliki wa Kalemie anaijua vyema sikukuu hiyo ya tarehe 1 Novemba, pamoja na siku ya kuwakumbuka marehemu inayoifuata. Sikukuu ni ileile; mkesha wake ndio mgeni.

4. Tatizo la tafsiri

Kulitafsiri lile tishio neno kwa neno hakumsaidii mtoto, kwani kwa Kiswahili linasikika kama utovu wa adabu. Linalofaa kutafsiriwa ni tendo: kuomba ruhusa, kusalimu, kupokea, kushukuru. Kiswahili kina neno la kuanzia, nalo ni hodi. Mtoto akifundishwa kwamba maneno ya Kiingereza anayoyasema pale ni hodi ya usiku huo mmoja, mzaha unaeleweka na adabu inabaki.

Tena mlangoni mtoto husimama peke yake. Mzazi hungoja njiani, mikono mifukoni, na koti zito limekwisha kuyafunika mavazi ya sikukuu. Kiswahili husemwa kati ya mlango na mlango: "Funga koti. Nenda ukapige hodi. Umesema asante?" Kwa mtoto ambaye shuleni hasikii lugha hii kabisa, saa moja ya amri na maswali kama hayo si haba. Watafiti wa Kiswahili cha ughaibuni wasiishie kuchunguza lugha ya mikutanoni na makanisani. Waisikilize pia lugha ya njiani, maana huko ndiko mtoto anakojibu kwa Kiswahili, au anakoanza kujibu kwa Kiingereza.